Tupeane uzoefu: ukiwa na kiti mwendo au fimbo nyeupe, barabarani unapitaje?

Magurudumu Mawili: Wakuu, salaam. Natumia kiti mwendo tangu nilipopata ajali, naishi Magomeni, Dar. Nikishaingia kituo cha mwendokasi sina neno, jukwaa liko usawa na sakafu ya basi, naingia mwenyewe. Balaa ni zile mita mia nne za kukifikia. Njia ya waenda kwa miguu ipo, ila kila geti la mtu inakatika na kuacha ukingo. Niombe watu waninyanyue mara ngapi? Basi napita barabarani na magari. Jana konda kanipigia kelele, "Mzee, kaa pembeni!" Pembeni ipi?

Sioni Nasikia: Pole kaka. Mwenzio ukingo ni rafiki yangu, fimbo ikiugusa najua njia imeishia hapo. Mimi naogopa chemba. Mfuniko wa chuma unaibwa, unauzwa skrepa, halafu wasamaria wanachomeka tawi la mti kama alama. Tawi lenyewe nitaliona na nini? Nilishatumbukia mguu hadi gotini, akanivuta mama mmoja anayekaanga vitumbua pale. Sasa nageukia kona kwa harufu ya vitumbua vyake. Siku asipokuja, nasimama hadi nimsikie mtu.

Mama Shamimu: Mna bahati ya ukingo wa kulalamikia! Kwetu uswahilini ni mchanga mtupu. Mwanangu namsukuma kwenda shule, magurudumu ya mbele yanazama, namgeuza nimvute kinyumenyume. Viatu nabeba kwenye mfuko.

Fundi Zege: Niseme ukweli wa kazini. Bosi akisema "wekeni njia ya walemavu", fundi anamwaga zege nusu mita, picha inapigwa, basi. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8. Ukifupisha, kiti kinabinuka na mtu wake. Na wa fimbo wasisahauliwe, mwisho wa mteremko wekeni vigae vyenye vinundu. Wajapani walivitandika mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, ila mimi saiti sijawahi kuona mkaguzi anayepima mteremko.

Magurudumu Mawili: Fundi umegusa penyewe. Kuna mahali wameweka nguzo za zege kuzuia bodaboda zisipite kwenye njia ya miguu. Boda zinapenya. Kiti changu hakipiti.

Sioni Nasikia: Nguzo hizo nazifahamu kwa goti.

Magurudumu Mawili: Fundi, duka la dawa la mtaani kwetu lina kidato kimoja tu mlangoni, kama hizo sentimita 15. Mwenye duka amekubali. Saruji kiasi gani?

Fundi Zege: Ukijaza mawe chini, mfuko mmoja na kidogo. Nitumie upana wa mlango inbox, Jumapili nipo.