Mabuu kwenye maiti: wachukuliweje ili umri wao uaminike?

Mdadisi_255: Wakuu, maiti ikikutwa porini ina mabuu, wachukuliwe wangapi, wahifadhiwe kwenye nini, na siku zinahesabiwaje? Wakichukuliwa mochwari baada ya mwili kukaa kwenye friji, bado wanafaa?

Buu_la_Tatu: Chukua 50 hadi 100 kila sehemu walipojikusanya, na wakubwa kupita wote wasikosekane, maana huenda ndio waliotangulia kuanguliwa. Wagawe mafungu mawili. La kwanza watie kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kama sekunde 30, ndipo uwahamishie kwenye ethanoli ya asilimia 80. Ukiwatumbukiza humo wakiwa hai hujikunyata na kuwa weusi. Umri husomwa kwenye urefu, kwa hiyo buu aliyejikunja atakudanganya kuwa ni mdogo. Formalini achana nayo, inaharibu DNA.

Fungu la pili walee hai: kikopo, vumbi la mbao, kipande cha ini, kitambaa juu kipitishe hewa. Ukifunga kifuniko kikaze, watakufa. Subiri watoke nzi, kwa sababu mabuu wa Chrysomya na wa Lucilia, aina mbili za nzi wa mizoga, wanafanana mno, na kila jamii ina mwendo wake wa kukua.

Halafu udongo! Hapo ndipo wengi wanapokosea. Buu aliyeshiba huuacha mwili, hutambaa hata mita kadhaa na kujifukia ageuke pupa, yaani hatua ya kukaa ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi. Ukikusanya walio mwilini tu, wakongwe umewaacha ardhini. Chimba sentimita 5 hadi 10, uchekeche. Ukipata maganda matupu ya pupa ya nzi wale wale, ujue kuna waliokwisha kuruka.

Nyuzi_Saa: Kinachoharibu hesabu ni joto. Tuseme, kwa mfano tu, hatua fulani ya kukua inadai nyuzi-saa 2,000 (nyuzi za joto zinazozidi kizingiti, mara idadi ya saa), na kizingiti, ambacho chini yake buu hakui, ni nyuzi 10. Eneo likiwa na nyuzi 28, kila saa inachangia 18, hivyo ni saa 111, siku nne na nusu na ushee. Ukiweka 24 kimakosa, kila saa ni 14, unapata saa 143, karibu siku sita. Nyuzi nne tu hizo!

Joto la kituo cha hali ya hewa si la kichakani. Acha kinasa joto pale pale siku 3 hadi 10, linganisha na kituo, ndipo urekebishe takwimu za siku za nyuma. Na kabla mwili haujaguswa, chomeka themomita katikati ya kundi la mabuu. Wakisongamana hupashana joto, hupita hewa kwa nyuzi 10 na zaidi.

Kuhusu friji: wanafaa, mradi saa ya kuingia na ya kutoka imeandikwa. Ila usizifute saa zote hizo kana kwamba walilala. Kundi kubwa huendelea kujipasha humo humo.

Mdadisi_255: Basi nikipata siku 5, marehemu alifariki siku 5 zilizopita?

Buu_la_Tatu: Hapana. Hizo ni siku tangu mayai yatagwe. Usiku kwa kawaida nzi hatagi, mvua humzuia, na mwili uliofungwa blanketi ndani ya nyumba humchelewesha. Kwa hiyo ripoti iandike "si chini ya siku 5". Kuna kinyume chake pia: mgonjwa aliyekuwa na kidonda chenye mabuu angali hai. Hapo umri wa buu unakitangulia kifo, kwa hiyo andika kila mara walikuwa sehemu gani ya mwili. Kwenye kesi ya Buck Ruxton, daktari aliyemuua mkewe na mtumishi wao, Uingereza, 1935, mwanasayansi Alexander Mearns alikadiria kwa mabuu siku 12 hadi 14. Hakutaja saa.