Kocha bingwa wa ulinzi aliyeshindwa kama kocha mkuu: tumpimeje Dick LeBeau?

Mama Neema

Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu anasoma sekondari hapa Columbus, Ohio, na msimu uliopita kocha wake wa futiboli ya Kimarekani alimtoa upande wa ushambuliaji akamfanya beki wa pembeni. Alinuna wiki nzima, lakini sasa ameupenda ulinzi kiasi cha kusema kwamba akimaliza masomo anataka kuwa kocha wa ulinzi. Picha aliyoibandika ukutani ni ya mzee Dick LeBeau, aliyezaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo uitwao London, uliopo hapa hapa Ohio, si mbali na kwetu.

Nimesoma habari za mzee huyo ili niweze kuzungumza na mtoto, nikakutana na jambo linalonitatiza. Anasifiwa kuwa miongoni mwa makocha wa ulinzi waliobobea kuliko wote katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, lakini alipokabidhiwa timu nzima, Cincinnati Bengals, alishinda mechi 12 na kupoteza 33. Je, kocha wa ulinzi ni fundi wa nusu ya kazi, ambaye akipewa kazi nzima humshinda? Tena, huo mfumo wake unaoitwa zoni blitizi ni kitu gani hasa? Maelezo niliyoyapata yamejaa misalaba na viduara nisivyovielewa.

Beki Mstaafu

Shikamoo Mama Neema. Naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu bila kuuelewa mfumo huo hutaona kwa nini watu wanamheshimu mzee huyu.

Kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua aurushe wapi, husumbuliwa zaidi akikosa muda. Kwa hiyo makocha tangu zamani wamekuwa wakituma walinzi wengi zaidi ya kawaida wamvamie kwa pamoja, na uvamizi huo ndio blitizi. Hasara yake ni kwamba ukituma watu sita, nyuma wanabaki wachache, kila mmoja akimfuata mtu wake, na kwotabeki mwepesi akiurusha mpira mapema kwa mpokeaji aliyemtangulia mlinzi wake hatua moja tu, hakuna wa kumzuia. Miaka ya 1980 San Francisco 49ers chini ya Bill Walsh walijenga timu nzima juu ya pasi fupi za haraka za namna hiyo, na Bengals, ambako LeBeau alikuwa akifundisha, walipoteza fainali mbili za Super Bowl mbele yao. Ile ya Januari 1989, wakati LeBeau akiwa ndiye msimamizi wa ulinzi wote, walikuwa wakiongoza kwa pointi tatu. 49ers wakatembea yadi 92 na kufunga zikiwa zimebaki sekunde 34.

Alikuwa ameanza kutafuta dawa kabla ya hapo. Alimwendea Bill Arnsparger, mjenzi wa ulinzi wa Miami Dolphins wa miaka ya 1970, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na katika mazungumzo yao akasikia wazo la shinikizo lililo salama, yaani kumsumbua kwotabeki bila kuacha nyuma wazi. LeBeau alilifanyia kazi wazo hilo kwa miaka. Katika zoni blitizi, yaani uvamizi unaoambatana na kulinda maeneo (zoni), wanaovamia huwa watano tu, pengine wanne, lakini si wale ambao kwotabeki anawatarajia. Mlinzi wa kati au wa nyuma anachomoka kuvamia, na papo hapo jitu la mstari wa mbele, ambalo kazi yake siku zote ni kusukumana, linarudi nyuma kulinda eneo la uwanja. Kwotabeki anamwona mvamizi akija kutoka kushoto, anarusha haraka mahali palipoachwa na huyo mvamizi, na mpira unamkuta mtu wa kilo zaidi ya mia moja ambaye hakupaswa kuwa pale. Walinzi wengine nao wanalinda maeneo macho yakiwa kwa kwotabeki, hivyo wanauona mpira tangu unapotoka mkononi mwake.

Mwambie kijana atazame Super Bowl ya tarehe 1 Februari 2009, sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza. Arizona Cardinals wako mlangoni kabisa mwa goli la Pittsburgh Steelers. James Harrison alipangiwa kuvamia. Badala yake akarudi nyuma, akainasa pasi ya Kurt Warner na kukimbia yadi 100 hadi upande wa pili. Hapo mchezaji aliukiuka mpango wa kocha wake, lakini aliukiuka kwa akili ambayo kocha huyo alikuwa amemjengea.

Mkaguzi wa Takwimu

Ndugu Beki Mstaafu ameeleza vizuri, ila swali la kwanza la mama amelikwepa. Mwaka 2002 Bengals walishinda mechi mbili na kupoteza 14. Hiyo ni timu ambayo kocha wake mkuu alikuwa LeBeau, na heshima tuliyo nayo kwake isitufanye tumtafutie udhuru. Kocha mkuu ndiye anayechagua wasaidizi, ndiye anayeamua kwotabeki gani acheze, ndiye anayezungumza na mwenye timu. Kazi hiyo aliipewa na haikumfaa. Wade Phillips naye, ambaye ulinzi wake wa Denver Broncos ulishinda Super Bowl ya Februari 2016, hakuwahi kufika huko akiwa kocha mkuu.

Bi Saada

Mama Neema, takwimu ni za kweli, lakini mazingira yake nayo ni ya kweli. LeBeau hakuianza kazi ile kwa kuchagua timu yake. Bruce Coslet alijiuzulu mwaka 2000 baada ya mechi tatu zote za kushindwa, naye akapandishwa katikati ya msimu kuiongoza timu ambayo tangu mwaka 1990 haikuwa imemaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hata hivyo nakubaliana na Mkaguzi kwamba kazi haikumfaa.

Jambo ambalo mimi ningependa kijana wako alitazame ni lile alilofanya baada ya kufukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alikwenda Buffalo kuwa msaidizi kwa msimu mmoja, na mwaka 2004 akarudi Pittsburgh kusimamia ulinzi chini ya Bill Cowher. Mwaka huo huo ulinzi wake uliwaruhusu wapinzani kusonga mbele yadi chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi, na Februari 2006 wakatwaa Super Bowl. Mwaka 2007 Cowher alipoondoka, akaletwa Mike Tomlin mwenye miaka 34, aliyelelewa katika mfumo tofauti kabisa wa ulinzi. Kwa kawaida kocha mkuu mpya huja na watu wake, na mzee wa karibu miaka 70 angekuwa wa kwanza kuaga. Tomlin alimbakiza yeye na mfumo wake, na katika msimu wa 2008 ulinzi ule ukaongoza ligi kwa yadi na kwa pointi, kisha ukashinda fainali ile aliyoieleza Beki Mstaafu.

Kwangu mimi ufundi wa kocha wa ulinzi uko katika kumfanya mtu akubali kazi ambayo jina lake halitatajwa. Yule wa mstari wa mbele anayerudi nyuma kulinda eneo tupu mara ishirini hupata mpira mara moja, pengine asipate kabisa. Wachezaji wake walikubali. Waliwahi kuvaa jezi namba 44, ile aliyoivaa LeBeau misimu 14 akiwa beki wa Detroit Lions na kunasa pasi 62, wakishinikiza aingizwe katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huu kule Canton, Ohio. Aliacha kucheza mwaka 1972 na akaingizwa mwaka 2010, tena kama mchezaji. Aliendelea kufundisha hadi msimu wa 2017 na Tennessee Titans. Ukijumlisha na miaka ya kucheza, ni misimu 59 mfululizo katika ligi hiyo.

Mama Neema

Nawashukuru nyote, na wewe Mkaguzi pia, kwa kuwa sikutaka kumpelekea mtoto sifa tupu. Jana jioni tulitazama pamoja ule mchezo wa Harrison. Nilimwomba ausimamishe kabla pasi haijarushwa, nikamuuliza kila mlinzi alipaswa kuwa wapi. Alinieleza wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Harrison alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, huyu ndiye peke yake aliye mahali pasipo pake."