Tupeane uzoefu: diski ya laptopu imekufa, umeweka mpya, draiva zikakutoa jasho

Steshenari_Ujiji

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Naanzisha huu uzi na hasira kidogo maana nimekaa siku nne sifanyi kazi kisa draiva, vile viprogramu vinavyoiwezesha Windows kutumia sauti, waifai na vifaa vingine vya laptopu, na kila ninayemsimulia ananijibu "hiyo mbona kitu kidogo". Kidogo kwa nani sasa.

Iko hivi. Nina kisteshenari changu hapa Ujiji, nachapa barua, CV, nafotokopi, na asubuhi nina watu wangu wa dagaa wa Kibirizi wanaotaka orodha ya mzigo ichapwe kabla gari halijaondoka. Laptopu yangu HP ya mtumba, ina diski ya kuzunguka, GB 500. Wiki mbili nzima ikawa inagonga tik, tik, tik kama saa ya ukutani, mi nikajua feni ina vumbi. Kumbe ndo inaaga. Jumanne umeme ukakata ukarudi, nawasha, skrini nyeusi, maandishi meupe yanasema haioni kifaa cha kuwakia.

Nikapanda daladala mpaka Mwanga ya hapahapa Kigoma, fundi akaniwekea SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 256 akapiga Windows 10, jumla 95,000, saa mbili tu nimetoka pale namwombea dua. Nafika nyumbani nafungua, maandishi makubwa kama bango la mnada, sauti hakuna, mwanga wa skrini haupungui hata ufanyeje, na waifai haipo, yaani sio kwamba haishiki, ile alama yenyewe haipo. Naingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya laptopu kwenye Windows, nakuta alama za mshangao za njano saba zimejipanga. Nampigia fundi, "bosi wangu we ingia tovuti ya HP upakue draiva". Niingie na nini? Draiva ya waifai iko intaneti, intaneti nayo inasubiri draiva ya waifai. Umefunga nyumba na ufunguo umeuacha ndani.

Nikaenda intaneti kafe na flashi. Safari ya kwanza nikarudi na draiva za modeli nyingine inayofanana jina na yangu. Safari ya pili nikarudi na faili sahihi ila flashi ina virusi vya kafe. Aliyeniokoa ni binti yangu wa form three, karudi shule, kaangalia dakika moja, kachukua simu yangu kaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa chaja, kaingia mipangilio ya simu kawasha ile ya kushea intaneti kwa USB, laptopu ikapata mtandao papo hapo bila draiva yoyote. "Baba si ungesema." Nikawasha Windows Update, zikaanza kushuka zenyewe, bando la GB 3 likakata nikaunga jingine, saa sita usiku alama saba zimebaki mbili.

Basi na nyie semeni yenu, msiniache peke yangu.

Karani_Urambo

Pole sana mkuu. Mwangaluka wana Tabora mliomo humu.

Yangu ya mwaka 2018, nilikuwa karani wa chama cha msingi huku Urambo na mnajua masoko ya tumbaku yakianza hakuna kulala, marobota yanapimwa, mkulima kasimama juu ya kichwa chako anataka kuona kilo zake, diski ikachagua siku hiyohiyo. Nikanunua nyingine, nikataka kurudisha Windows 7 ileile maana programu yetu tuliizoea huko. Nachomeka flashi, inaanza vizuri, katikati inaniambia draiva ya CD haipo. Najiuliza CD imetoka wapi wakati nimeweka flashi! Nikazima nikawasha kama mara kumi. Nikapeleka kwa fundi mjini Tabora, akaigeuzageuza, akasema "maza bodi imeondoka hiyo kaka", akaanza kunionesha laptopu nyingine ya kuuza.

Nikasema ngoja. Jioni nimekaa chini ya mwembe na jamaa yangu mmoja anayefundisha kompyuta, namsimulia, akacheka sana. Akatoa flashi kwenye tundu la bluu akachomeka kwenye tundu jeusi la upande wa pili. Ikaendelea mpaka mwisho. Kumbe lile la bluu ni USB 3.0 na Windows 7 ilitoka 2009 haikuja na draiva zake, kwahiyo ikishaanza kusoma yenyewe flashi inapotea machoni pake. Tundu la bluu likaja kufanya kazi baadae nilipoweka draiva yake. Yule fundi nikikutana nae sokoni anaangalia pembeni mpaka leo.

dogo_wa_Katubuka

Mimi nilipakua za biti 32 na Windows yangu ni biti 64. Siku mbili nabonyeza tu inakataa. Sina la kuongeza 😂

Mama_Mwl_Nzega

Asanteni wanangu kwa huu uzi, nimecheka peke yangu ofisini.

Mimi nilidanganywa na zile programu zinazosema "bonyeza hapa tukuwekee draiva zote". Ilikuwa wiki ya kujaza alama za mtihani, diski mpya imeshawekwa, sauti na picha havijakaa sawa, nikasema hii ndiyo rahisi. Nikabonyeza. Ikaweka draiva kweli, sikatai, ila pamoja nazo ikaniletea kivinjari sikijui, antivairasi mbili zinazogombana, na matangazo ya kamari yanaruka kwenye skrini mbele ya wanafunzi wa darasa la sita. Mwalimu mkuu akapita muda huohuo. Sisemi zaidi.

Ikabidi ipigwe Windows upya. Safari hii kijana wetu wa tehama akanikalisha, akasema mama usiangalie jina la laptopu, angalia namba. Ile yenye alama ya njano unaibonyeza kitufe cha kulia, unaingia Properties, Details, unachagua Hardware Ids, unakuta maandishi yana VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji wa hicho kifaa: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. DEV ndiyo kifaa chenyewe. Ukiyanakili ukatafuta mtandaoni unajua unahitaji nini, hukisii. Niliandika kwenye daftari la maandalio ya somo na bado ninalo.

Fundi_Gungu

Naona leo mafundi tunasemwa. Sawa, wengine ni kweli wanastahili, kumwachia mteja Windows bila waifai ni uvivu, sio kazi. Ila na nyie wateja mnataka saa moja muwe mmeondoka.

Nieleze kidogo. Draiva hazikai kwenye maza bodi, zinakaa kwenye diski pamoja na Windows, diski ikifa zimekwenda nazo. Ila leseni ya Windows watu wanaililia bure, kwa laptopu nyingi zilizokuja na Windows 8 kuendelea funguo imo kwenye BIOS, ile programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye maza bodi, na ile ya Windows 10 imeshikana na maza bodi, ukipiga toleo lilelile na ukaunga intaneti inajikubali yenyewe. Nimeona mtu anatozwa 30,000 ya "leseni" wakati tayari anayo.

Nikipewa mashine naanza na chipuseti, yaani chipu za maza bodi zinazounganisha vifaa, ndo nakuja picha, sauti, waifai, tachipadi mwisho. Ukiona "SM Bus Controller" ina njano, hiyo ni chipuseti haijawekwa. Mkuu wa Ujiji, zile mbili zako naotea, moja ni "PCI Simple Communications Controller", kama prosesa ni Intel hiyo ni Management Engine, kifaa cha Intel kilichomo humohumo ndani, draiva yake ipo kwenye tovuti ya HP kwa modeli yako.

Afu kuna hii inasumbua sana siku hizi, laptopu za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, unachomeka flashi ya Windows inakwambia hakuna diski kabisa. Diski ipo nzima! Inataka draiva ya kuionea diski, inaitwa Intel RST, uiweke kwenye flashi, ubonyeze Load driver umuoneshe folda. Watu wamerudisha SSD dukani wakigombana na muuzaji kwa hili.

Na jambo moja nalisema kwa ukali: ukiingia tovuti ya kampuni utakuta na sasisho la BIOS kwenye orodha hiyohiyo ya draiva. Liache. Umeme ukakate katikati na betri yako ya mtumba haikai dakika tano, hapo hata mimi siwezi kukusaidia kirahisi.

Steshenari_Ujiji

Fundi umeotea sawia, ilikuwa hiyohiyo. Ya pili ni ya alama ya kidole, hiyo nimeiacha, kidole chenyewe kina wino muda wote.

Kijana_Isevya

Wekeni Linux muachane na haya mateso. Nilibadili diski nikaweka Linux Mint, sauti, picha, tachipadi vyote vikaja vyenyewe sikugusa kitu.

Karani_Urambo

Na waifai?

Kijana_Isevya

Waifai ilikuwa Broadcom 😅 nikashea ya simu kwa waya.

Fundi_Gungu

Haya. Wenye mashine ambayo bado nzima, fanyeni leo. Tengeneza folda kwenye flashi, tuseme D:\draiva, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama admini, andika pnputil /export-driver * D:\draiva. Windows 10 na 11 zinaikubali. Inamwaga humo draiva zote zilizoongezwa. Siku ukipiga Windows upya unaandika pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install unakaa pembeni. Na ukisikia tik tik usiendelee kuchapa, hamisha mafaili kwanza, draiva zinarudi, CV za watu hazirudi.

Mama_Mwl_Nzega

Nimefanya sasa hivi, imekubali. Ubarikiwe mwanangu.

Steshenari_Ujiji

Na mimi nimefanya, imetoka folda ya giga moja na ushee, nimeweka kwenye flashi mbili, moja nimempa binti atunze maana yeye ndo fundi mkuu hapa.

Sasa wakuu kuna kitu nilisahau kabisa. Printa. Leo alfajiri watu wa dagaa wamefika, nimeandika orodha vizuri, nabonyeza chapa, haijui printa gani. Nikakumbuka printa ilikuja na CD yake ya draiva. Natafuta kabatini haipo, mke wangu ananiambia ile inayong'aa? Kaitundika shambani kwenye mpunga, inafukuza ndege toka mwezi wa pili.

Nimetuma kijana na baiskeli akailete.

dogo_wa_Katubuka

Mkuu, hiyo laptopu ina tundu la CD?

Steshenari_Ujiji

Ngoja nimpigie arudi.