"Huko chini samaki hawakai, nafasi ya nini?" Leo nimechoka!

Wakuu, nimetoka kukausha sakafu sasa hivi, vidole vimekunjamana kwa chumvi, halafu fundi aliyenifungia tangi ananiambia "huko chini samaki hawakai, nafasi ya nini?" Mnamjua. Hakuna tangi kubwa la matumbawe ambalo hajalitia mkono.

Tangi ni sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Nilimwomba kabati lote la chini liwe la sampu, lile tangi la pili linalopokea maji ya juu na pampu kuyarudisha. Akaweka kisampu cha 60 kwa 40, akakijaza hadi kimebaki kidole kimoja ukingoni, akaondoka. Leo umeme umekatika, pampu kimya, bomba la kurudishia likageuka mrija, likanyonya maji ya juu mpaka lilipopata hewa. Yameshuka sentimita 5 tu. Kwa upana ule hizo ni lita 54! Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 5. Sebuleni ungetega nyavu ukapata pweza.

Nampigia, ananijibu "huko chini samaki hawakai". Skima, ile ya kutoa uchafu kwa povu, inakaa wapi? Mwani? Hita? Na kikombe cha skima hakitoki bila kugonga dari ya kabati!

PovuJeusi: Pole mkuu. Kwangu alisimamisha tangi kwanza, ndipo akakumbuka sampu haipiti kwenye nguzo ya kati ya kabati.

KaaMtawa: Nawe ulikuwa wapi? Siku ya kwanza unazima pampu, unaacha maji yashuke yote, unaona sampu imefika wapi, unapiga mstari kwenye kioo. Dakika mbili.

Mleta uzi: Nilikuwa kazini! Na hata ningekuwepo, mtu mzima anakwambiaje "huko chini samaki hawakai"?

Chumvi35: Afadhali yako. Mimi aliniapia vali ya kuzuia maji kurudi inatosha. Konokono akajibana ndani, vali ikabaki wazi, zulia likaogelea.

MajiMatulivu: Konokono si kitu. Bomba langu la kushushia maji kwenye sampu linakoroma usiku kucha, mke amehamia chumba cha watoto.

KaaMtawa: Linavuta hewa hilo. Bana vali ya kushushia kidogo kidogo mpaka linyamaze, na uwe na bomba la akiba lisilo na vali.

MajiMatulivu: Vali? Sina vali.

PovuJeusi: Nani alikufungia?

MajiMatulivu: Huyohuyo.