Naomba ushauri: gurudumu la ruleti la mbao kwa somo la uwezekano

Mwalimu_Wete:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninasomesha hisabati sekondari hapa Wete, na mwezi ujao tunaingia katika mada ya uwezekano. Sarafu na dadu wanafunzi wameshazichoka, kwa hivyo nimekusudia kuunda gurudumu la mbao mfano wa ruleti ya Ulaya (kamari ya kubahatisha gololi itatua chumba gani cha gurudumu), lenye vyumba 37, kuanzia 0 hadi 36. Nimekwama mahali pawili. Nikigawa nyuzi 360 kwa 37 napata 9.73, na kipimapembe changu hakinifikishi huko. Juzi chumba cha mwisho kilibaki chembamba kama ukucha. Pia nambari za gurudumu halisi zimechanganywa: baada ya 0 inakuja 32, kisha 15, 19, 4, 21. Je, mpangilio huo una maana, au naweza kuziandika kwa kufuatana? Fedha haitaingia darasani, hilo naliweka wazi mapema.

Fundi_Darajani:
Waalaykum salaam, Mwalimu. Kipimapembe kiweke kando. Chukua utepe wa karatasi wa sentimita 185, utie alama kila baada ya sentimita 5, utapata sehemu 37 kamili. Kata duara la plaiwudi lenye kipenyo cha sentimita 59, kisha lipige msasa kidogo kidogo mpaka ncha za utepe zikutane ukingoni bila ya kuuvuta. Katikati tia habu ya baiskeli, yaani kile kitovu kinachozunguka. Gurudumu lizunguke ndani ya bakuli lisilotikisika, na gololi irushwe juu ya ukingo wa bakuli kuelekea kinyume cha gurudumu. Kwenye ruleti halisi, vizuizi vidogo vya chuma, aghalabu 8, huivuruga gololi inapoteremka. Na pima maji usiisahau, kwani gurudumu lililoinama lina nambari zake linazozipenda. Katika karne ya 19 Mwingereza Joseph Jagger alivuna fedha nyingi kwenye kasino ya Monte Carlo kwa kugundua kasoro ya namna hiyo.

Bi_Hesabu:
Mwalimu wangu, mpangilio una maana, ingawa haubadilishi uwezekano: kila chumba kina 1 kati ya 37, uandike utakavyo. Nyekundu na nyeusi hupishana, na nambari kubwa (19 hadi 36) hupishana na ndogo, isipokuwa 10 na 5 zinazokaa bega kwa bega. Waulize wanafunzi sababu. Baada ya 0 mfuatano unaanza na 32 na kuishia na 26, zote kubwa, hivyo kubwa 18 na ndogo 18 haziwezi kupishana mpaka mwisho bila ya ndogo mbili kugusana. Faida ya kuchanganya ni kwamba gurudumu likielemea upande mmoja, kasoro haiangukii kundi zima la nambari ndogo.

Somo lenyewe, kwa maoni yangu, limo katika ile 0 ya kijani. Anayepatia nambari moja hulipwa 35 kwa 1, kana kwamba vyumba ni 36, na chumba hicho kimoja ndicho kinachomwachia mwenye meza asilimia 2.7 ya madau. Gurudumu la Marekani lina 00 pia, na hapo hufika 5.26.

Mzee_Tumbe:
Hata kokwa za ubuyu zisiwekwe dau, mwanangu. Waandike matokeo tu.

Mwalimu_Wete:
Nimekusikia, mzee wangu. Tutarusha mara 370 na kuhesabu 0 imetoka mara ngapi. Fundi, ncha za utepe zimekutana leo baada ya alasiri. Kilichobaki ni habu, inapwaya.