Mjadala: Je, Austria ilitenda haki kufuta vyeo vya umwinyi vilivyotolewa kwa hati ya kaisari?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Tarehe 3 Aprili 1919, miezi michache baada ya Kaisari Karl kuachia madaraka, bunge la Austria lilipitisha sheria ya kufuta umwinyi. Tangu hapo raia wa Austria haruhusiwi kujiita Graf wala Freiherr (vyeo vya kimwinyi), wala kutanguliza "von", alama ya umwinyi, kwenye jina la ukoo. Adhabu iliyoandikwa ilikuwa faini ya hadi krone 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Sheria hiyo ina nguvu ya kikatiba hadi leo.

Mimi nasema ilikuwa haki, na anayepinga aanze na hati yenyewe.

Hati hizo ni nzuri mno, sibishi. Kurasa za ngozi zilizoandikwa kwa mkono, ukurasa mzima wa nembo ya ukoo kwa rangi na dhahabu, jalada la mahameli nyekundu, na muhuri wa lakiri ndani ya kikopo cha shaba kinachoning'inia kwa kamba ya zari. Chini kuna sahihi ya kaisari. Kwa kawaida mpewa alilipa ada, na kadiri cheo kilivyopanda ndivyo ada ilivyopanda. Lakini someni waliotajwa: si yeye peke yake, bali na watoto wake halali, wa kiume na wa kike, na vizazi vyao vyote. Mtoto atakayezaliwa miaka mia baadaye keshapandishwa juu ya jirani yake kabla hajafanya lolote. Kasoro iko hapo, na uzuri wa wino hauiondoi.

Najua hoja nzito ya upande wa pili: wapo waliovitolea jasho vyeo hivyo. Mwaka 1757 Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliagiza kwamba ofisa aliyetumikia jeshi kwa sifa njema miaka 30 aweze kupewa umwinyi. Mwaka 1789 mwanawe, Kaisari Joseph II, alimpa umwinyi Israel Hönig, Myahudi ambaye hakubadili dini, wakati Wayahudi walihitaji kibali hata cha kuishi Vienna. Kwa familia kama hiyo hati ilikuwa kinga, na naiheshimu. Hata hivyo, ushujaa wa babu ungelipwa kwa nishani, naye azikwe nayo. Kinga ya Wayahudi wote ilikuwa sheria moja kwa raia wote, si hati kwa tajiri mmoja.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 ilifuta haki za umwinyi lakini ikakiacha cheo kiwe sehemu ya jina. Matokeo? Hans-Robert Lichtenberg aliasiliwa na binti wa kifalme mwaka 1980, akiwa mtu mzima, akawa Frédéric Prinz von Anhalt ("Prinz" ni mwana wa mfalme). Mwanamke mmoja wa Austria naye aliasiliwa Ujerumani akapata "Fürstin von", cheo cha mwanamke wa kifalme, katika jina lake. Austria ilipolisahihisha jina hilo alishtaki, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema nchi inaweza kulikataa ili kulinda usawa wa raia wake.

Na hakuna aliyenyang'anywa hati. Familia zinazo, na kumbukumbu zake ziko kwenye nyaraka za taifa mjini Vienna.

Kwa hiyo wanaotetea njia ya Ujerumani nijibuni: kama "Prinz" ni jina tu kama majina mengine, mtu mzima anatafuta mama wa kumwasili ili apate nini?