Ushauri: notsi za kozi ya mtandaoni kwa wanafunzi wenye ulemavu, JAWS, Word au kurasa za Moodle?

Mwl_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Semesta inaanza baada ya wiki tatu, na nimearifiwa kwamba darasani nitakuwa na wanafunzi wenye ulemavu. Kozi yote iko Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Idara imenipa fungu dogo linalotosha jambo moja tu: kununua leseni ya JAWS (programu ya kumsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini), kumlipa mtu achape notsi upya kwenye Word, au kumlipa azihamishie kwenye kurasa za Moodle zenyewe. Nichukue ipi? Ijumaa napeleka jibu.

Nyamagana88
Ulemavu gani, mwalimu? Asiyeona na kiziwi hawahitaji kitu kimoja. Wako wangapi? Wanasomea simu au kompyuta? Na hizo notsi zimekaaje sasa hivi?

BiChole
JAWS ya nini wakati kuna kisoma skrini cha NVDA, tena cha bure? Mimi sioni tangu utotoni, na digrii yangu yote nimesoma kwa NVDA. Unaiweka hata kwenye flashi, ukifika maktaba unachomeka unaendelea. Sauti yake ya eSpeak inasoma Kiswahili. Ni kavu, ila masikio huzoea. Hiyo pesa itie kwenye notsi.

Fundi_Tanga
BiChole, nakuheshimu, lakini nimefundisha watu Excel kwa vyote viwili, na kwenye majedwali makubwa JAWS naiamini zaidi.

BiChole
Na mwanafunzi akihitimu, leseni ya chuo anaondoka nayo? Mfundishe chombo atakachokuwa nacho nyumbani.

Mwl_Kihonda
Samahani, nilipaswa kueleza mapema. Wawili hawaoni kabisa, mmoja ana uoni hafifu, mmoja ni kiziwi. Wengi wanasomea simu. Notsi ni PDF nilizorithi kwa aliyenitangulia, karibu zote zimeskaniwa kutoka kwenye karatasi. Kuna na video 14 za mihadhara.

BiChole
Hapo sasa umesema. PDF ya kuskani ni picha. Kisoma skrini kikifika hapo hakikuti maandishi, na hata JAWS ikijaribu kuyatambua kwenye picha inaweza kukosea.

Nikwambie yaliyonikuta mwaka wa pili. Somo moja lilikuwa na jaribio la mtandaoni la dakika 30. Swali la kwanza nikajibu, la pili nikajibu. La tatu lilitaka kuburuta majina kwa kipanya na kuyaweka juu ya mchoro. Mimi kipanya situmii, natumia kibodi, na mchoro wenyewe haukuwa na maelezo yoyote. Nilichosikia ni jina la faili, herufi na namba ndefu. Nikabonyeza Tab mpaka vidole vikachoka. Dakika zikaisha, mfumo ukajifunga, maswali saba sijayagusa. Nilipokwenda kwa mhadhiri alinihurumia kweli, akasema angenisomea yeye mwenyewe ofisini. Lakini matokeo yalikuwa yameshapelekwa. Nikarudia somo mwaka uliofuata, kwa ada ya mzazi anayeuza dagaa. Mwalimu, kabla hujanunua chochote, zima kipanya chako, ujaribu kumaliza jaribio lako mwenyewe kwa kibodi.

Nyamagana88
Pole sana dada. Mimi nasema kurasa za Moodle. Mwenye uoni hafifu akikuza maandishi kwenye simu, ukurasa unajipanga upya. Kwenye PDF atavuta kushoto na kulia kila mstari. Rangi nazo uziangalie: WCAG, mwongozo wa kurasa za wavuti zinazofikika kwa wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake.

Mama_Notsi
Moodle ukiisomea kwenye kivinjari inataka bando kila siku. Word unapakua mara moja, unasoma hata kijijini. Ila vichwa viwekwe kwa mitindo ya Heading, siyo kukoleza wino tu. Ndivyo asiyeona anavyoruka kutoka mada hadi mada.

Alama_TZ
Mbona kiziwi mmeshamsahau? Video 14 bila manukuu, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya video, kwake ni midomo inayocheza tu. Na msitegemee manukuu yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe, mhadhara wenye Kiswahili na Kiingereza ndani yanauvuruga. Lazima mtu akae ayasahihishe.

Fundi_Tanga
Si atafutwe mkalimani tu?

Alama_TZ
Vyote viwili, ndugu yangu. Kwa wengi wetu Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza, Kiswahili cha kuandika tumekikuta shuleni. Lakini mkalimani hawezi kuwa nami saa tano usiku ninaporudia somo. Na si hisani hii: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010.

Mwl_Kihonda
Nimewaelewa, JAWS naiondoa. Ila sasa naona fungu haliwezi kubeba notsi na manukuu pamoja. Tena sikusema, kozi yenyewe ni takwimu, fomula nyingi nimezibandika kama picha.

BiChole
Takwimu! Hilo ndilo ungeanza nalo, mwalimu. Fomula ziandike ndani ya Moodle kwa LaTeX, namna ya kuandika hesabu kwa herufi na alama za kibodi; NVDA ikiwa na MathCAT, programu ya kusoma hesabu kwa sauti, inazisoma. Grafu ndizo zina kazi.

Mama_Notsi
Grafu unazielezaje kwa maneno? Mimi ya mtawanyiko imenishinda.

BiChole
Niwekee moja hapa, tuiandike pamoja.